Muhuri wa Ukurasa wa Thelathini na Saba

Sikwenda maktaba kutafuta vitabu. Nilikwenda kutafuta wateja, na sioni haya kulisema, kwa sababu kila nilichonacho leo nimekipata kwa kwenda mahali ambapo hakuna aliyenitarajia.

Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe. Mama yangu alilima mihogo na ufuta huko upande wa Lugoba, baba alifariki nikiwa darasa la tano, na hakuna aliyenishika mkono kunipandisha ndege. Nilikwenda Maskati nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilianza kwa kubeba mabomba juu ya mapaa ambayo joto lake lilipenya soli za viatu, nikapanda hadi kuwa msaidizi wa fundi, nikasoma masomo ya jioni, na baada ya miaka kumi na sita nikarudi Bagamoyo na stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Stashahada hiyo iko ofisini kwangu ndani ya fremu, mahali ambapo mteja akikaa lazima aione. Nina mashine ya barafu kwenye barabara ya Mbegani. Nina mafundi watatu. Nina pikapu nyeupe yenye namba yangu ya simu ubavuni. Viyoyozi vingi vinavyonguruma kwenye hoteli za ufukwe huu vimepita mikononi mwangu.

Kasoro yangu ni moja: siwezi kutulia. Nikikaa, mguu wa kulia hutikisika wenyewe. Nikila, naangalia simu. Msikitini naingia wa mwisho na kutoka wa kwanza, Mungu anisamehe. Huko Maskati nilizoea kuhesabu saa kwa kazi, na niliporudi nikakuta saa za Bagamoyo hazina haraka na mtu. Nikazijaza kwa kujuana na watu. Nilichapisha kadi za biashara za karatasi nzito, nikajiunga na kikundi cha wafanyabiashara kinachokutana kila Alhamisi saa moja asubuhi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Tunakunywa chai, tunakula chapati na supu, kisha kila mmoja anapewa dakika moja ya kujieleza: nani, anafanya nini, anatafuta nini. Dakika yangu ilikuwa haikosi kuzidi.

Mwenyekiti wetu ndiye mwenye hoteli hiyo, mama wa makamo, mjane, mtu wa kucheka taratibu. Alhamisi moja aliniacha nimalize habari za Maskati, halafu akasema mbele ya wote:

"Fundi, sisi hapa Maskati tumeshakaa na wewe miaka yote kumi na sita. Tumechoka jua la huko. Jumamosi njoo maktaba, kuna watu wapya wa kuwasimulia."

Watu walicheka. Mimi nilichosikia ni watu wapya.

Maktaba yenyewe ni nyumba ya mawe ya zamani katika mji wa kale, kuta nene, madirisha marefu, na ndani harufu ya karatasi iliyokunywa bahari. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa tisa alasiri, hufanyika kikao cha vitabu. Mtu mmoja husoma kwa sauti, hadithi yake au ya mwingine, kisha watu huzungumza, wakinywa kahawa na kutafuna kashata. Nilikuta walimu, wenye hoteli, wanafunzi wa chuo cha uvuvi cha Mbegani, na mstaafu mmoja wa forodha anayepinga kila kitu. Kabla msomaji hajafika ukurasa wa pili nilikuwa nimeshagawa kadi kumi na moja za biashara.

Mkutubi alinijia na fomu. Ni dada mmoja mwembamba, miwani yake inaning'inia kwenye uzi, na ana namna ya kuzungumza polepole kama anayekupa nafasi ya kujisahihisha.

"Kaka, ukiwa mwanachama unaweza kuazima. Jaza hapa, na hapa chini mdhamini wako."

"Mdhamini wa nini? Nina ofisi, nina leseni, ukipiga namba hii simu inapokelewa."

"Mdhamini awe mwanachama mwenye kadi ya maktaba, anayekufahamu. Hata mkuu wa shule pale amedhaminiwa."

"Mimi, dada, sijawahi kudhaminiwa na mtu."

Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Niliikunja fomu ile, nikaitia kwenye kisanduku cha gari pamoja na risiti za mafuta.

Siku hiyohiyo, dirishani, niliona mtu ninayemjua. Ni fundi cherehani, mzee sasa, ndugu wa mbali wa mama yangu, na mimi humwita mjomba. Nilipokuja kusoma sekondari mjini nilikaa chumba cha uani nyumbani kwake. Mkewe alikuwa akinipakulia mimi ukoko wa wali kwa sababu alijua naupenda, na watoto wake wakinuna. Niliporudi kutoka Maskati nilikuta mkewe huyo, niliyemwita shangazi, ameshafariki. Nilikwenda kutoa pole, nikampelekea mjomba kanzu mbili za dukani na chupa ya chai isiyopoa. Alishukuru sana. Wiki iliyofuata nilimkuta ameifumua kola ya kanzu moja na anaishona upya.

"Shikamoo, mjomba. Kumbe nawe uko huku?"

"Marahaba, mpwa wangu. Niko huku kila siku. Baada ya alasiri nafunga cherehani nakuja."

"Si uazime usome nyumbani, ujilaze?"

"Hapa kuna dirisha zuri," alisema, akarudisha macho kwenye kitabu.

Niliona ni uzee tu. Nikaenda kumpa mstaafu wa forodha kadi yangu.

Nilirudi mwezi uliofuata, na uliofuata tena. Sababu niliyojipa ilikuwa wateja, na wateja nilipata kweli: nyumba mbili za wageni upande wa Kaole, jokofu la mwalimu, ukumbi wa harusi. Lakini kitu kingine kilianza kutokea ambacho sikukipangia. Mwalimu mmoja wa kike alisoma hadithi yake juu ya mwanamke anayehamisha kaburi la mumewe kwa sababu bahari inakula ufukwe. Simu yangu ikatetemeka mfukoni, meneja wa hoteli kubwa, mtu niliyemfukuzia miezi mitatu. Sikupokea. Nilitaka kujua kama yule mwanamke atawaruhusu shemeji zake wamsaidie kubeba. Nilipotoka nje nikampigia meneja, nikamdanganya kwamba nilikuwa juu ya ngazi na mikono imejaa. Nikawa naendesha gari huku nabishana peke yangu na shemeji za mwanamke ambaye hayupo.

Basi nikawa mtu wa vitabu, kwa namna yangu. Nilikuja wa kwanza, nikakaa karibu na mlango, mguu ukitikisika.

Ndipo likaja jambo la chumba cha nyaraka. Nyuma ya maktaba kuna chumba chenye karatasi za zamani za mji: barua, hati za mashamba, madaftari ya shule, maandishi ya watu wa kale kwa hati za Kiarabu. Mchwa wanakula, chumvi inakula, na unyevu unakula kuliko wote. Kikundi chetu cha Alhamisi kiliamua kugharamia kiyoyozi na mashine ya kukausha hewa, na kamati ya mwenyekiti ndiyo ingemchagua fundi.

Niliitaka kazi ile kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu nirudi. Sitasema uongo: nilitaka kibao kidogo cha shaba ukutani chenye jina langu, katika mji ambao niliwahi kutumwa maji na kila mtu. Na niliijua kazi. Mafundi wengi wangefunga kiyoyozi, wakawaambia wakutubi wakiwashe asubuhi na kukizima jioni, na hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa nacho. Chumba kikipoa na kupata joto kila siku, karatasi zinatoka jasho, ukungu unaota. Nililieleza hilo Alhamisi mbili mfululizo, na nilimwona mwenyekiti anaandika.

Kamati ilipanga kuamua Alhamisi ya tatu. Jumamosi iliyotangulia kulikuwa na kikao cha vitabu, na safari hii mkutubi alisema kila mtu aje na kitabu kilichomlea, akizungumzie kwa ufupi. Mwenyekiti na wajumbe wake wote wangekuwepo. Nilijiambia: hapo hapo.

Kitabu changu kilikuwa kinajulikana na kila aliyeingia ofisini kwangu. Kilikuwa kwenye kabati la kioo chini ya stashahada. Ni kitabu cha ufundi wa majokofu, kwa Kiswahili, chenye michoro ya mkono. Nilikwenda nacho Maskati ndani ya begi, nikakisomea chini ya ngazi, na kilipoanza kuachia kurasa nilimpelekea mjalidi mmoja wa uchochoroni akakitia jalada la ngozi nyeusi na herufi za kwanza za jina langu kwa rangi ya dhahabu. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshachanika, akazitupa.

Nilisimama, nikasimulia nilivyokinunua Kariakoo, kwenye vitabu vilivyotandazwa chini, kwa pesa ya kuuza mkaa. Hadithi hiyo niliisema mara ya kwanza Maskati, siku ya kuombea kazi, kwa sababu msimamizi aliniuliza nilikipata wapi na hilo ndilo lililokuja mdomoni. Ilipendeza. Nikairudia kwa mwingine. Miaka ilivyokwenda nikaiongezea mvua, nikamwongezea muuzaji aliyenionea huruma, hadi ikafika mahali naiona mvua yenyewe inavyolowesha majalada. Sikuwa nadanganya tena, nilikuwa nakumbuka.

"Wengine wana wazazi, wana wajomba, wana wadhamini," nilimalizia, nikakiinua juu. "Mimi mdhamini wangu ni huyu hapa."

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kitabu kikaanza kupita mikononi, kila mtu akiishika ngozi, akizitazama zile herufi za dhahabu. Kilipofika kwa mkutubi alivaa miwani, hakutazama jalada, akakifungua moja kwa moja karibu na mwanzo, ukurasa mmoja, akakaa nao kidogo. Akakifunga. Akampa mjomba. Mjomba naye alipeleka kidole mahali palepale, akafungua, akatazama, akafunga, akakipangusa kwa kiganja kama anayepangusa kitambaa kabla ya kukata.

"Kitabu kizuri," alisema. "Kimetunzwa."

"Nimekitunza kuliko gari, mjomba."

"Naona."

Niliondoka na furaha, lakini furaha ile haikufika mbali. Watu wawili, ukurasa mmoja. Sikuweza kuliacha. Kwenye njia ya kwenda Kaole nilisimamisha gari pembeni, jua bado liko juu, nikakichukua kitabu kwenye kiti nikakifungua kama walivyokifungua. Ukurasa wa thelathini na saba. Pembeni ya mchoro wa kompresa kulikuwa na muhuri wa mviringo, zambarau iliyopauka: jina la maktaba, na chini yake namba iliyoandikwa kwa kalamu. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara mia. Nilikuwa nimeuona ule muhuri, na nikawa naupita kama unavyopita kibao cha duka ambalo huna haja nalo.

Niligundua kwamba mguu wangu umetulia. Haujawahi kutulia hivyo.

Jumapili nilizunguka. Nilikwenda Mbegani kukagua mashine ambayo haikuwa na tatizo. Nikaendesha hadi Lugoba kumsalimia mama, nikakaa dakika ishirini, akaniuliza kama nimeugua. Nikarudi. Jumatatu saa mbili maktaba ilipofunguliwa nilikuwa mlangoni, kitabu kimebaki garini.

Mkutubi hakujifanya kushangaa. Alinikalisha kwenye meza yake.

"Kila maktaba ina ukurasa wake," alisema. "Watu huchana wa kwanza, huchana wa mwisho. Wa katikati hawaujui. Sisi wetu ni thelathini na saba."

Alitoa daftari kubwa lenye mgongo wa kitambaa, akaligeuza upande wangu. Jina langu lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu wa kidato cha nne, mwandiko wa mtu anayetaka aonekane ana haraka. Jina la kitabu. Tarehe ya kuazima. Mbele yake, mdhamini: sahihi ya mjomba, fundi cherehani, yenye mkia mrefu. Na kwenye nafasi ya kurudisha, mwaka baada ya mwaka, wino tofauti na mikono tofauti, neno moja: kimeazimwa. Kimeazimwa. Kimeazimwa.

Nilikumbuka. Sitasema nilikuwa nimesahau kabisa, maana hilo lingekuwa rahisi mno. Mjomba ndiye aliyenileta hapa, akitembea mbele yangu na futi ya kupimia shingoni, kwa sababu nilikuwa nafumua redio yake na alitaka nifumue kitu chenye maelezo. Nilikiazima kitabu mara tatu. Mara ya tatu visa ikaja ghafla, nikafunga begi.

"Kanuni yetu," mkutubi alisema, "kitabu kisiporudi, kadi ya mdhamini inazuiwa. Anaweza kusoma humu ndani kama mtu yeyote. Kutoka nacho hapana."

"Miaka yote hii?"

"Kila tukihesabu vitabu namwambia, mzee, sema kimepotea, leta kingine chochote mahali pake, nifunge mstari huu, nikupe kadi yako. Hataki."

"Anasemaje?"

"Anasema hakijapotea, kiko safarini."

Nilirudia kuusoma mstari ule kwa kidole. Mkutubi akaendelea, kwa sauti ya chini. Alijua Alhamisi kuna uamuzi. Nikikirudisha leo ataandika kimerudi na basi. Yeye si mjumbe wa kamati, hana wa kumwambia. Nilimshukuru, na nilimaanisha.

Nikaahirisha kazi ya asubuhi, nikaja tena alasiri. Mjomba alikuwa dirishani. Nilivuta kiti.

"Mjomba, mbona hukuniambia?"

"Lini?"

"Tangu nirudi. Nilikuja nyumbani. Nilikuja na kanzu."

"Ulikuwa unaongea."

Alisema bila kuchoma, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akatia kipande cha uzi ndani ya kitabu chake kuashiria alipofika.

"Kusoma nimesoma," alisema. "Usidhani nilikaa bure. Shida yake ni saa kumi na moja. Wanafunga wakati mtu ndio kwanza anaingia mlango wa nyumba ya mwenziwe na kisu, na wewe unaambiwa kesho. Na shida nyingine ilikuwa shangazi yako."

Shangazi, alinieleza, aliugua mwaka mzima kabla ya kufariki, hakuweza kutoka kitandani, na alitaka kusomewa. Kitabu cha kwenda nacho nyumbani hakikuwepo. Basi mjomba alikuwa akisoma sura moja hapa, akiikimbiza nyumbani kichwani kabla haijapoa, akamsimulia.

"Alikuwa mkorofi. 'Hapo umetia chumvi. Hapo umeruka. Huyo mtu jana alikuwa na mke, leo mke yuko wapi?' Na kweli nilikuwa nimemsahau mke. Nikawa narudi kesho yake namtafuta."

Alicheka. Mimi nilitazama mikono yangu. Nilimwomba radhi, kwa maneno machache kuliko niliyowahi kutumia kwa jambo lolote.

"Kiko wapi?" aliuliza.

"Garini."

"Kilete basi. Kimechoka safari."

Nilikileta. Mkutubi alifungua ukurasa wa thelathini na saba, akalinganisha namba, akaandika kwenye daftari: kimerudi. Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa kadi ya maktaba ya rangi ya kijani iliyopauka, yenye picha ya mtu mwenye ndevu nyeusi ti. Mjomba aliishika mbali na macho.

"Huyu nani?" akasema. "Mwambieni akanyolewe."

Mkutubi alimwambia achague, rafu zote ni zake. Nilitegemea angekwenda kwenye hadithi, au kwenye vile vitabu vya historia ya pwani anavyovipenda. Alisimama katikati ya chumba, akageuka huku na huku. Mguu wangu ulianza tena. Mwisho alirudi mezani, akaweka kiganja juu ya ile ngozi nyeusi.

"Nipe hiki hiki."

"Mzee, hicho ni cha majokofu."

"Najua. Nataka nijue kina nini hata kikanikalisha hapa."

Akaondoka nacho kwapani, mchana kweupe, akipita katikati ya mji, na mimi nikamtazama mpaka alipokata kona.

Hapo mambo yangeweza kuishia. Daftari lilikuwa limefungwa, mjomba amepata kadi yake, mkutubi amenyamaza. Siku mbili nzima nilijiambia hivyo, nikipanda na kushuka ngazi za watu. Lakini nilijua Alhamisi nitasimama, dakika yangu itafika, na mtu ataniambia, hebu tusimulie tena ile ya Kariakoo. Ningeisimulia. Ninajijua. Ningetia mvua. Na kwenye kikao cha mwezi ujao ningeisimulia tena mbele ya mjomba, naye angesema kizuri, kimetunzwa. Kila nilipofika hapo, nilishuka ngazi kabla ya kumaliza kazi.

Alhamisi nilisimama. Nilisema kitabu changu sikukinunua Kariakoo, nilikiazima katika maktaba ileile tunayotaka kuisaidia, nikaondoka nacho, na kwamba kuna mtu alizuiwa kadi yake kwa ajili yangu miaka yote niliyokuwa nikijisifu kwamba sikudhaminiwa na mtu. Nilisema kimerudi Jumatatu. Nilisema bado mimi ndiye fundi bora wa kazi ile katika ufukwe huu, kwa sababu hilo nalo ni kweli. Kwa mara ya kwanza sikumaliza dakika yangu.

Supu ilipoa mezani. Mwenyekiti aliniita pembeni baada ya kamati kukaa.

"Fundi, mimi binafsi ningekupa," alisema. "Lakini mle ndani kuna karatasi ambazo hazina nakala, na wenzangu wanasema ufunguo hawawezi kukupa mwaka huu. Siwezi kuwalaumu. Wewe unaweza?"

"Siwezi."

"Basi kunywa chai."

Sikunywa. Kazi ilikwenda kwa mafundi kutoka Dar es Salaam. Iliniuma, na inaniuma hata sasa nikipita nyuma ya maktaba na kuona mashine ya mtu mwingine inatoa matone ukutani. Niliwaandikia watu wa maktaba karatasi moja juu ya kutoizima jioni, nikaibandika mlangoni kwa mkono wangu. Wanaifuata. Najua kwa sababu nimekwenda usiku kuisikiliza mashine.

Ile fomu niliitoa kwenye kisanduku cha gari, ikiwa na doa la mafuta, nikaijaza. Kwenye mdhamini sikujua nimwombe nani. Nina kadi za biashara za watu kutoka hapa hadi Tegeta, droo nzima. Niliipeleka kwenye kibaraza cha cherehani, nikasimama kama mtu aliyekuja kupunguza suruali.

Mjomba aliisoma yote, mbele na nyuma, kama asiyejua inasema nini. Akaitia sahihi yenye mkia mrefu.

"Safari hii," alisema, "usipande nacho ndege."

Wiki mbili tangu akiazime, siku yenyewe ya kurudisha, nilimkuta maktaba anarudisha kitabu cha majokofu. Alikuwa amekisoma chote. Alimwambia mkutubi kwamba sura ya kompresa imeandikwa na mtu asiyejua kueleza, na kwamba gesi ni kama uzi, ukiuminya sana unakatika mahali usipopaona, jambo ambalo si kweli hata kidogo, na nilianza kumsahihisha. Alininyamazisha kwa kidole.

"Huku pembeni kuna maandishi ya penseli. Yako haya."

Alikigeuza kitabu kuelekea dirishani. Katika ukingo wa ukurasa, kwa mwandiko wa kijana aliyekaa chumba cha uani na kulishwa ukoko, kulikuwa kumeandikwa: *Nitakuwa na gari jeupe.*

Mjomba alitazama nje. Pikapu yangu ilikuwa imesimama pale juani, na matope ya Lugoba hadi kwenye namba ya simu.

"Umeiosha lini?" akauliza.